Unyanyembe na Mwanzo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Wanaoandika historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huanza, kama ilivyo desturi, na tarehe 25 Oktoba 1961. Siku hiyo Julius Nyerere, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika, alikifungua Chuo katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba. Wanafunzi waliokuwapo hawakufika 15, na wote walikuja kusoma sheria. Toka hapo masimulizi hupanda Mlimani mwaka wa 1964, hupitia Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na kuishia tarehe 1 Julai 1970, Chuo kilipopata kuwa chuo kikuu cha taifa chenye kujitegemea. Masimulizi hayo ni ya kweli, wala hatukusudii kuyapinga. Lakini yanatazama bahari tu. Msomaji wake aweza kudhani kwamba Chuo kilishuka melini kutoka London, kikapokewa pwani, kisha kikapandishwa kilimani kungojea watu wa bara waje kukisomea.

Katika makala haya twapenda kusimama Tabora na kukitazama Chuo hicho hicho kutoka upande wa bara. Mtu asimamaye pale Kanyenye, ambayo leo ni kata mojawapo ya Manispaa ya Tabora, huona mambo mawili yasiyoonekana vizuri kutoka Mtaa wa Lumumba: shule iliyowalea wengi wa wale waliokidai na kukianzisha Chuo, na njia iliyoichukua lugha ya Kiswahili mpaka ikafaa kuwa lugha ya nchi nzima. Akiyaona mawili hayo pamoja hana budi kuuliza kwa nini Chuo kilichozaliwa katika nchi yenye lugha yake kiliipokea lugha hiyo kama kitu cha kuchunguzwa, wala si kama ulimi wa kufundishia.

Tuanze na njia. Katikati ya karne ya 19 wafanyi biashara Waarabu na Waswahili walikuwa wamekwisha kufanya kituo chao kikubwa cha bara huko Unyanyembe, mahali walipopaita Kazeh. Burton na Speke walifika hapo mwezi wa Novemba 1857, wakapokewa na Snay bin Amir, tajiri wa Kiomani. Kutoka Kazeh njia iligawanyika: moja ilikwenda magharibi hata Ujiji na kuvuka Ziwa Tanganyika kuingia Manyema, nyingine kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, na nyingine kusini. Si mbali na hapo ni Kwihara, ambako Livingstone na Stanley walikaa pamoja mwanzoni mwa 1872, baada ya kukutana Ujiji.

Lakini ni kosa kuifikiri njia hii kuwa njia ya Waarabu peke yao. Wanyamwezi walikuwa wakienda pwani na mizigo yao kwa miguu yao, nao ndio waliokuwa wapagazi mashuhuri wa nchi hizi. Kadhalika Waarabu hawakukaa Unyanyembe kama watawala wa tangu mwanzo, bali kama wageni wa mtemi. Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira, na kwa ndoa hiyo alipata heshima ambayo fedha peke yake isingeweza kuinunua. Baadaye uhusiano uliharibika. Mnywa Sele, aliyerithi baada ya Fundikira, aligombana na wafanyi biashara hao kwa sababu ya ushuru, nao wakamtoa na kumweka Mkasiwa. Kisha Mirambo wa Urambo akaifunga njia katika miaka ya 1870, na mwisho Mtemi Isike akapigana na Wajerumani mpaka kufa kwake Januari 1893, alipoilipua baruti yake mwenyewe kuliko kushikwa mateka. Hayo yote yamekwisha kuandikwa na wanahistoria. Lililo la muhimu kwetu sisi tunaofundisha isimu ni kwamba katika ndoa, madeni, ushuru na vita hivi watu walikuwa wakisema Kiswahili, na Kiswahili kilikuwa kikibadilika vinywani mwao.

Ushahidi umo ndani ya maneno. Chukua neno *hongo*. Katika siku za misafara hongo ilikuwa ushuru uliotozwa na mtemi au mtawala wa nchi ili msafara uruhusiwe kupita, na hakuna aliyeona haya kuitoa wala kuipokea, ijapokuwa wasafiri walinung'unika sana juu ya kiasi chake. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka wa 1939 chini ya jina la Frederick Johnson bado inaieleza kwa maana hiyo ya njiani. Leo mtu akisema hongo ameitaja rushwa. Mtemi ameondoka, njia imeondoka, na neno limehamia ofisini. Au chukua *mnyapara*. Huyu alikuwa mkubwa katika msafara, na sasa ni msimamizi wa kazi au mkubwa wa wafungwa gerezani. *Kirangozi*, aliyetangulia mbele ya msafara, hasikiki tena ila katika vitabu. *Tembe* na *mtemi* ni maneno ya bara yaliyoingia katika Kiswahili yakakaa, na hakuna mtu wa pwani anayeyaona kuwa mageni. Njia basi haikuwa bomba la kupitisha Kiswahili kutoka pwani tu. Ilikuwa soko, na katika soko kila mtu huja na chake.

Lugha hii ilipata kuandikwa na mmoja wa watu wa njia hiyo. Tippu Tip, mwana wa Muhammad bin Juma tuliyemtaja, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu, naye Mjerumani Heinrich Brode akayageuza kwa hati za Kirumi na kuyatoa mwanzoni mwa karne ya 20. Wilfred Whiteley aliyafasiri kwa Kiingereza, na Halmashauri ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ikayachapa, pamoja na Kiswahili chake, kama nyongeza ya jarida lake katika 1958 na 1959. Msomaji aliweke jina hili la Whiteley akilini, kwa maana tutakutana naye tena.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka wa 1912, na safari ya miezi ikawa safari ya siku. Ingedhaniwa kwamba mji uliojengwa na miguu ya wapagazi ungekufa. Haukufa, kwa sababu ulikwisha kuwa mji wa watu wa kila kabila, Wanyamwezi, Wamanyema, Waswahili, Waarabu na wengineo, wasio na lugha ya kuwaunganisha ila Kiswahili. Serikali ya Kiingereza, iliyotawala baada ya Wajerumani kushindwa, iliona faida ya mahali hapo penye njia panda. Mwaka wa 1922 ilianzisha Tabora shule ya wavulana, iliyokusudiwa hasa watoto wa watemi na watawala wengine, ili wakirudi makwao watawale kwa namna ipendwayo na Serikali. Mwaka huo huo wa 1922 ndio ulioanzishwa Makerere huko Uganda, kwanza kama shule ya ufundi. Vijana waliopita katika shule ya Tabora, wale waliofaulu sana, walikwenda Makerere.

Nyerere, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki, alisoma Tabora tangu 1937 hata 1942, akaenda Makerere, kisha akarudi Tabora kufundisha katika shule ya Mtakatifu Mariamu mpaka aliposafiri kwenda Edinburgh mwaka wa 1949. Rashidi Kawawa, aliyempokea uwaziri mkuu Januari 1962, naye alipita Tabora. Abdallah Said Fundikira, mtemi wa Unyanyembe na wa ukoo ule ule wa Karunde, alikuwa Waziri wa Sheria nchi ilipopata uhuru, yaani wakati ule ule Kitivo cha Sheria kilipoanza kufundisha. Hatusemi kwamba watu hawa walikaa Tabora wakapanga Chuo Kikuu. Twasema kwamba waliletwa na shule moja, na shule hiyo ilikuwa na tabia yake: watoto wa watawala, nidhamu ya mabweni na viranja, na Kiingereza kama ngazi ya kupandia. Nje ya ua wa shule, dakika chache kwa miguu, watu walikuwa wakifanya biashara, wakioana, wakishitakiana na kusali katika mji uliosema Kiswahili. Mwanafunzi wa Tabora aliishi katika lugha mbili, na alijua vema ipi ilikuwa ya kwenda Makerere.

Jambo hili huonekana waziwazi zaidi likiwekwa karibu na tukio jingine la mji ule ule. Januari 1958 mkutano mkuu wa mwaka wa TANU ulifanyika Tabora. Swali lililokuwa mbele yake lilikuwa gumu kuliko yote yaliyowahi kukikabili chama: je, TANU iingie katika uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, au iukatae? Wengi walikuja wakitaka ukataliwe. Nyerere alitaka chama kiingie, akaishinda hoja ya wapinzani wake. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuunda chama chake, ANC. Uamuzi huo umeitwa uamuzi wa busara, na hapana shaka ndio uliofungua mlango wa uhuru wa 9 Desemba 1961. Mabishano ya mkutano ule, juu ya katiba, haki ya kura, hila na kanuni, yalifanywa kwa Kiswahili. Ni nani basi angeweza kusema kwamba lugha hiyo haikuwa na uwezo wa kubeba fikra za sheria na siasa? Hata hivyo miaka 3 baadaye, Kitivo cha Sheria kilipofunguliwa, hakuna aliyeleta shauri la kufundisha kwa lugha hiyo.

Sababu zake zaeleweka, nasi tusiwahukumu wazee kwa wepesi. Chuo kilianza kwa haraka. Mipango ya elimu ya juu iliyofanywa wakati wa ukoloni ilikuwa imekiweka chuo cha Tanganyika nyuma ya Makerere na Nairobi. Ni serikali ya TANU, baada ya uchaguzi wa 1960, iliyokataa kungoja. Sheria ilichaguliwa kwanza kwa kuwa Makerere na Nairobi hazikuwa nayo, na halmashauri ya Lord Denning juu ya elimu ya sheria kwa Waafrika ilikuwa imeshauri Dar es Salaam iwe mahali pake. Tena kulikuwa na ukweli mchungu: nchi ilikuwa karibu kujitawala, na wanasheria wake Waafrika walikuwa wachache mno. Jengo halikuwapo, hivyo chama kikatoa lake. Walimu walitafutwa nje: A. B. Weston, Mwaustralia, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Kitivo, na vijana wenziwe William Twining na Patrick McAuslan. Mkuu wa Chuo alikuwa Mkanada, Cranford Pratt. Shahada zilikuwa za London. Katika hali hiyo kuanza kwa lugha nyingine isipokuwa Kiingereza kungekuwa kutoanza kabisa. Na Chuo kilitangulia uhuru kwa siku 45, jambo ambalo hata leo lafurahisha kulihesabu.

Tena walimu wale hawakuja na sheria ya Uingereza peke yake mkobani. Walijitahidi tangu mwanzo kuifundisha sheria pamoja na hali ya watu wa Afrika Mashariki, na sifa hiyo Kitivo kilidumu nayo. Lakini tazama matokeo yalivyokuwa kwa mtu wa Kanyenye. Mahakama za mwanzo, zilizowekwa kwa sheria ya mwaka wa 1963, ziliendeshwa kwa Kiswahili. Huko ndiko aliko mtu mwenye kesi ya shamba, ya mahari au ya deni. Mwanasheria aliyetoka Mlimani alikuwa amejifunza kufikiri juu ya shamba, mahari na deni kwa lugha ambayo mwenye kesi hakuijua, na kazi yake ya kwanza ikawa tafsiri. Ilipasa kupita miaka 60 tangu jengo la Mtaa wa Lumumba hata Bunge likatunga, mwaka wa 2021, sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama.

Sasa tuitazame lugha yenyewe ilivyofika Mlimani. Sehemu hii ya Chuo ina umri mkubwa kuliko Chuo. Mkutano wa elimu wa Dar es Salaam mwaka wa 1925 ulitaka lugha ya shule ifanywe moja. Mkutano wa Mombasa mwaka wa 1928 ukaichagua lahaja ya Unguja iwe msingi. Na tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kazi Halmashauri ya Lugha ya nchi zile nne, Frederick Johnson akiwa katibu wake. Halmashauri hii haikuwa na kwao. Ilianza Dar es Salaam, ikahamia Nairobi, toka 1952 ikakaa Makerere, kisha ikapelekwa Mombasa, na hatimaye mwaka wa 1964 ikarudi Dar es Salaam na kuwa Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili ndani ya Chuo Kikuu. Mwanzilishi wa uongozi wake hapo alikuwa Whiteley, yule yule aliyeyafasiri maisha ya Tippu Tip. Msafara huu nao ulikuwa na mizigo yake, na katika mizigo hiyo mlikuwa na hazina kubwa: kamusi, sarufi, tenzi zilizokusanywa, na mfululizo wa vitabu juu ya lahaja.

Juu ya mfululizo huo wa lahaja tuna neno la kusema. Whiteley mwenyewe aliandika juu ya Kimtang'ata mwaka wa 1956. Lambert aliandika juu ya Kivumba mwaka wa 1957, na juu ya Kijomvu, Kingare na Kichifundi mwaka wa 1958. Ni kazi safi, na bila hizo tungekuwa maskini. Lakini zote ni za pwani. Kiswahili cha njia ya misafara, kilichosemwa Tabora, Ujiji na ng'ambo ya Ziwa kwa zaidi ya miaka 100, hakikupata kitabu katika safu hiyo. Kiliitwa Kiswahili cha bara, na neno hilo katika vinywa vya wataalamu lilikuwa na maana ya Kiswahili kilichopungukiwa. Mtaalamu alikwenda kijiji kidogo cha mwambao kuandika tofauti za sauti, na huku lugha ya mji wa njia panda, iliyokuwa ikiwaunganisha watu wa makabila mengi, ikapita bila kuandikwa. Ni kweli kwamba uchunguzi mkubwa wa matumizi ya lugha nchini Tanzania uliofanywa mwishoni mwa miaka ya 1960 chini ya Edgar Polomé uliitazama bara kwa makini. Matokeo yake yalipata kutolewa kitabuni mwaka wa 1980. Hata hapo swali lilikuwa Kiswahili kinatumiwa na nani na wapi, zaidi ya kuwa Kiswahili hicho kimejengekaje.

Kwa maoni yetu makosa haya mawili ni kosa moja. Asiyeiona Tabora katika historia ya lugha hudhani kwamba Kiswahili ni mali ya pwani iliyokopeshwa bara, na mali ya mkopo haijengewi chuo kikuu. Lakini kilichomwezesha Nyerere kulihutubia Bunge kwa Kiswahili tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya nchi kuwa Jamhuri, ni kwamba nchi nzima ilimwelewa, na nchi nzima haikufundishwa na vitabu vya shule peke yake. Ilifundishwa na wapagazi, masoko, reli, na magazeti kama *Kiongozi*, lililoanza kutolewa Tabora na Wakatoliki mwaka wa 1950.

Urithi wa shule ya Tabora nao ulipanda Mlimani. Utemi ulifutwa kisheria mwaka wa 1963. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, pamoja na wenzao wa vyuo vingine, waliandamana hadi Ikulu kupinga sheria ya Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere alikasirika, akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, akawarudisha makwao karibu 400. Tukio hilo limeelezwa sana kama ugomvi juu ya mishahara na utumishi, na ndivyo lilivyokuwa. Lakini mtu aliyesoma Tabora katika miaka ya 1930, akiwa mwana wa mtemi kati ya wana wa watemi, bila shaka aliwatambua mara moja vijana wale waliosimama mbele yake. Alikuwa ameufuta utemi wa kuzaliwa, na Chuo chake kilikuwa kikiandaa utemi wa shahada. Wengi wa wanafunzi hao waliruhusiwa kurudi mwaka wa 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, na mwezi wa Machi mwaka huo Chuo kikafanya mkutano juu ya wajibu wake katika nchi ya kijamaa.

Katika miaka hiyo hiyo Idara ya Historia, iliyokuwa chini ya Terence Ranger, ilianza kuyatafuta masimulizi ya wazee wa bara. Kitabu cha insha juu ya Tanzania ya kabla ya 1900, kilichotoka mwaka wa 1968, kilikuwa na sura ya Andrew Roberts juu ya Wanyamwezi, na Unyanyembe ikaingia katika masomo ya Mlimani kwa mara ya kwanza kama nchi yenye historia yake, wala si kama kituo cha wasafiri Wazungu. Ilisomwa kwa Kiingereza.

Mwaka wa 1970, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipogawanyika kuwa vyuo vikuu vitatu, ndipo ilipofunguliwa Idara ya Kiswahili. Nayo ilifanya lisilofanywa na idara nyingine: ilifundisha kwa Kiswahili. Walimu wake walilazimika kuunda istilahi huku wakifundisha, na maneno kama isimu, fonimu, mofimu na kiima yakazoewa darasani kabla ya kuingia katika kamusi. Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka wa 1982 ilishauri Kiswahili kichukue nafasi ya Kiingereza katika sekondari na hatimaye katika vyuo vikuu, na shauri hilo halikufuatwa. Hivyo wito wa Chuo, *Hekima ni Uhuru*, umeandikwa katika nembo kwa Kiswahili, nao wanafunzi wa uhandisi hupita mbele yake wakienda kusikiliza mhadhara wa Kiingereza, na wa Idara ya Kiswahili wakienda kubishana kwa Kiswahili juu ya asili ya neno *hongo*.